Chupa ya Utepe wa Buluu

Kazi yangu ilikuwa kumweka panya juu ya bamba la moto na kungoja aumie. Nikisema hivyo mbele ya watu wananitazama kama mchawi, kwa hiyo nimezoea kusema tu kwamba ninafanya kazi chuoni, Nyeri, nao hudhani ninafundisha. Sifundishi. Mimi ni fundi wa maabara. Naosha vizimba, nabadilisha maranda, nawapa panya chakula na maji, nawadunga sindano wanaotakiwa kudungwa, na alasiri za Jumanne na Ijumaa nawaweka kwenye bamba.

Bamba lenyewe si la kutisha. Ni kipande cha chuma kilichopata joto kama kikombe cha chai ambacho unaweza kukishika lakini hutaki. Juu yake kuna duara la kioo ili panya asitoroke. Unamweka, unabonyeza saa ya sekunde, unatazama nyayo zake. Panya mzima huhisi joto upesi: anainua mguu wa nyuma anaulamba, au anaruka. Hapo unabonyeza tena na kuandika sekunde zake daftarini. Lakini panya ambaye kisukari kimemharibu mishipa ya fahamu husimama pale akinusa kioo na kujisafisha masharubu, huku nyayo zake zikipata moto asioujua. Usipomtoa ataungua. Ndiyo maana kuna kikomo. Sekunde thelathini zikifika, hata kama hajatikisa ukucha, unamtoa na kumrudisha kwake.

Mama yangu, huko kwetu juu ya Karatina, alikuwa akiota moto jikoni kila asubuhi ya Julai na hakuna aliyekuwa akimhesabia sekunde. Amekuwa na kisukari tangu nikiwa mwanafunzi. Sukari yenyewe tulikuwa tumeizoea, kama watu wanavyomzoea mgeni asiyetaka kuondoka: vidonge, sindano, chai kavu, ugomvi kuhusu viazi. Tulichokosa kukitazama ni miguu. Kuna siku alitoka sokoni akafika nyumbani na ndala moja. Ile nyingine ilikuwa imenasa kwenye tope huko chini karibu na daraja, naye akapanda mlima wote mguu mmoja ukiwa peku, asijue lolote hadi alipotaka kuvua ndala mlangoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Mimi niliyekuwa nikiandika kila wiki kwamba panya fulani hajahisi kitu, nilishika mbavu nikacheka.

Julai hiyo baridi ilikuwa mbaya. Ukungu ulikaa siku nyingi na mlima hatukuuona kabisa. Mama alikaa na nyayo zake mbele ya mafiga, kama alivyofanya tangu nimjue. Akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Akadhani ni kiazi alichokisahau kwenye majivu. Alichukua kijiti akakitafuta, akakikosa, akaendelea kuota moto.

Nilipofika Jumamosi nilimkuta amevaa soksi mbili kwenye mguu mmoja. Nilizivua kwa nguvu huku akinigombeza. Chini ya kidole kikubwa palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kingo zake nyeupe, katikati pabichi. Nilibonyeza pembeni yake.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoogopa, na tangu siku hiyo sikuacha kuogopa. Niliujua ugonjwa huo kutoka ndani. Nilikuwa nimeona neva za panya chini ya hadubini, zimenyauka kama maharagwe yaliyokosa mvua. Kitu kilichokuwa kikimtokea mama yangu nilikuwa nikikitengeneza mwenyewe kwa sindano, nikikipima na kukipangia safu daftarini.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu jina langu, ingawa jina lenyewe sitalitaja. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Mimi ni wa pili. Kwa hiyo mama hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu kwake mimi ni mamake aliyerudi. Nikiwa mdogo jambo hilo lilinifurahisha, maana nilisamehewa makosa yaliyomfanya dada yangu achapwe. Dada alipata jina la mama mkwe, na unaweza kukisia mwenyewe neno la mama mkwe husikilizwa kwa kiasi gani. Nikisema mimi, mama hunyamaza kidogo na kutii. Dada yangu alikuwa na akili. Mimi nilikuwa na jina. Sikujua kwamba ni kitu cha hatari.

Sasa nieleze kuhusu chupa, maana hapo ndipo nilipokosea.

Utafiti tuliokuwa nao mwaka huo uliongozwa na mwalimu mmoja kutoka magharibi mwa nchi, mama mpole wa sauti na mgumu wa kanuni. Sote tulimwita Daktari. Alikuwa amehangaika na dawa yake kwa miaka mingi. Haikuwa dawa ya kutuliza maumivu, hizo zipo. Yake ilikusudiwa kuziamsha neva zilizokufa ganzi, panya asiyehisi ahisi tena. Tuliwapa panya kisukari, tukangoja miezi hadi nyayo zao zikafa, kisha tukawagawa makundi matatu. Kila kundi lilikuwa na chupa yake yenye utepe: nyekundu, buluu na kijani. Yaliyomo aliyachanganya mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, na karatasi inayosema kipi ni kipi aliitia kwenye bahasha, akaifungia kwenye droo yake.

"Moja ni dawa yangu," aliniambia. "Hizo mbili ni za kulinganisha. Usiniulize gani ni gani. Wewe ndio unapima. Mtu akijua, hata mkono wake unajua."

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeitikia kanuni hiyo kwa kila mtafiti aliyepita pale, kama mtu anavyoitikia amina.

Jumanne baada ya kuona kile kidonda nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha panya. Chupa tatu zilikuwa mezani, tayari kwa mpira mwembamba tunaotumia kupitisha dawa kooni. Nilidondosha tone la kila moja mgongoni mwa mkono nikaonja. Katika maabara hutii kitu kinywani. Tunawaambia hivyo wanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla hata hawajavaa makoti. Kijani ilikuwa maji. Nyekundu ilikuwa karibu na maji, labda kama maji yaliyooshewa mchele. Buluu ilikuwa chungu. Ilikuwa chungu ya kukunja uso, ikakaa kwenye ulimi hadi saa ya kwenda nyumbani, na ndani yake mlikuwa na kitu nilichokijua, lakini sikutafuta ni nini. Nilifurahi karibu nilie.

Muulize mtu yeyote katika soko la Karatina, au wale akina mama wanaouza mizizi na magome kule Kagio, ni kitu gani kinachopigana na sukari. Atakuambia: kitu kichungu. Ndiyo maana watu wetu wanakunywa muarobaini wakifinya macho, na kinywaji kikishuka vizuri wanadai kimechanganywa na maji. Tamu ndiyo iliyokuleta hapa, chungu ndiyo itakayokutoa. Nimelelewa hivyo. Nina diploma ya sayansi iliyowekwa fremu, iko ukutani sebuleni kwa mama, na siku hiyo ilibaki huko huko ukutani. Ulimi wangu uliamua, nami nikaufuata.

Baada ya hapo panya wa buluu walianza kupata nafuu.

Nataka nieleweke hapa. Sikuwahi kukaa nikajiambia, danganya. Ningejiambia hivyo ningekataa, maana mimi si mwizi na si mwongo. Lakini panya hasemi "nimeumia". Anageuka, anahamisha uzito, anainua mguu kidogo, anaushusha, anauinua tena. Ni mpimaji anayeamua kwamba sasa, huku ni kuhisi. Panya wa kijani akiinua mguu nilingoja nione ulimi ukigusa unyayo. Wa nyekundu vilevile. Wa buluu akiinua mguu tu, kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Nilikuwa nikiinama juu ya kioo nikimnong'oneza, haya, haya, sikia basi, na mguu ulipotikisika moyo wangu uliruka na kidole kikaruka nao. Wiki baada ya wiki sekunde za buluu zikapungua. Nilichora mstari daftarini na mstari ukashuka vizuri, nami nikauamini kama vile umechorwa na mtu mwingine.

Nilimpigia mama simu. Sikupaswa kumwambia, lakini ulimi hauna mfupa.

"Kuna panya wa buluu," nikamwambia. "Miguu yao ilikuwa imekufa kama yako. Sasa wameanza kusikia."

"Ati wanasikia?"

"Wanasikia, Mami."

Tangu siku hiyo kila nilipopiga simu aliwaulizia kabla ya kuniuliza habari zangu. "Hao wa buluu wameamkaje?" Aliwaulizia kama watu wa ukoo walio mbali. Alikuwa akienda zahanati kufungwa kidonda, akimwambia muuguzi kwamba binti yake yuko karibu kupata dawa, na muuguzi, naambiwa, alikuwa akimjibu sawa mama, weka mguu hapa.

Kidonda hakikupona. Mwishoni mwa Agosti kidole kikubwa kilikuwa kimeanza kugeuka rangi, na tukampeleka hospitali. Dada yangu alipanda kutoka Kenol, anakofanya biashara ya spea za magari, akafika akiwa na grisi kwenye kucha. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana aliyechoka, lakini alikaa chini akaongea na mama wala si nasi, jambo ambalo namheshimu nalo hadi leo.

"Mama, hivi vidole viwili tuvitoe wiki hii," alisema. "Hiki kikubwa na jirani yake. Tukitoa hivyo, utatembea. Tukingoja, itapanda juu, na hapo sitakuwa naongea mambo ya vidole."

Dada akasema watoe. Hakufikiri hata mara mbili. Mama hakumtazama. Alinigeukia mimi, mikono yake ikiwa imeshika mkoba magotini.

"Maitu, wewe unasema nini?"

Nilikuwa na hofu ya kisu, nakubali. Nilikuwa nimeona mguu wa jirani ulioanza kwa vidole viwili ukaishia kiunoni, na nilidhani kila kisu hufuata njia hiyo. Lakini zaidi ya hofu nilikuwa na ule mstari wangu unaoshuka. Nilisema, "Tungoje kidogo."

"Tungoje nini?" daktari akaniuliza.

Sikuweza kumwambia panya. Nilisema tungependa kushauriana kama familia. Kwenye kibaraza cha nje nikachuchumaa mbele ya mama, nikamshika magoti nikamwambia, "Utafiti unaisha wiki tatu zijazo. Wakifungua ile bahasha nitamwomba Daktari. Nitapiga magoti nikilazimika. Utausikia mguu wako tena, Mami, nakuahidi."

"Kama maitu amesema ningoje," mama akasema, "mimi nitangoja."

Dada alinivuta kando. "Panya?" alisema. "Unataka mama aoze akingoja panya?"

"Wewe uza spea," nikamjibu. "Sayansi niachie mimi."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi sana. Maana mimi nilijua kuliko wote pale kwamba hata dawa ingefanya kazi, kitu kilichoponya panya hakimfikii mtu kwa wiki tatu, wala kwa miaka mitatu. Kuna panya wengine, kuna wanyama wakubwa zaidi, kuna kamati, kuna watu wazima wa kujitolea, na dawa nyingi hufia njiani. Ningemweleza mwanafunzi yeyote mambo hayo nikiwa nimefumba macho. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa huku nimemshika mama yangu mkono.

Wiki hizo tatu sikulala vizuri wala sikula vizuri. Jumanne na Ijumaa ndizo zilizonishikilia. Nilikuwa nikitoka kwenye bamba nimejaa matumaini, yanadumu hadi asubuhi, halafu simu ya dada inaingia na kuyafuta. Alikuwa akipiga kila siku na kusema kitu kile kile: mpeleke. Nilikuwa nikimjibu: bado kidogo.

Bahasha ilifunguliwa Ijumaa asubuhi, ofisini kwa Daktari. Alikuwa amepanga hesabu zangu kwenye karatasi, makundi matatu, na kabla ya kuifungua alizitazama sana akitikisa kichwa kwa mshangao mzuri. "Hii buluu," alisema. "Aki, hii buluu." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikishikilia fremu yake.

Akafungua. Akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti.

"Kijani ni maji. Nyekundu ni dawa yangu."

Nilidhani sikusikia. "Na buluu?"

"Buluu ni ile ya zamani. Ile ya kutuliza maumivu ya neva, watu wanameza kila siku."

Ndipo ulimi wangu ulipokumbuka. Vidonge vyenye rangi mbili, ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati la mama. Mwaka mmoja kabla ya hapo vilikuwa vikimkwama kooni, nami nilikuwa nikivifungua, namimina unga wake kwenye uji, na kuonja kama bado ni mchungu sana. Alivimeza miezi mingi vikamwondolea moto uliokuwa ukimchoma miguuni usiku, lakini hisi haikurudi. Dawa niliyokuwa nikimngojesha mama yangu ilikuwa kwenye kabati lake.

Daktari hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama zile hesabu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Lakini hiyo dawa hairudishi hisi," alisema polepole. "Inafunika tu. Ingewafanya wachelewe kuhisi, kama ni kuwafanya kitu. Sasa inakuwaje hawa ndio wanasikia kuliko wote?"

Akainuka. "Lete mmoja wa buluu."

Tulimweka kwenye bamba. Mimi nilishika saa yangu, yeye akashika simu yake, kila mmoja akipima peke yake. Panya alisimama. Akanusa. Akainua mguu wa nyuma wa kushoto, akaushusha. Kidole changu kilibonyeza. Niliona kikibonyeza, na nilikuwa nimejiapiza kisibonyeze. Simu ya Daktari iliendelea kuhesabu. Panya akajisafisha masharubu, akazunguka kioo, akasimama tena, ikafika thelathini na Daktari akamtoa mwenyewe kwa mikono yake.

"Uliijua chupa," alisema.

"Nilionja. Nikadhani chungu ndiyo dawa."

Alikaa kwenye kiti cha maabara akiwa bado amemshika yule panya kifuani. Nilitamani anipigie kelele. Aliuliza tu, "Na nyekundu, uliwapima aje?"

"Niliwangojea mpaka walambe. Wakati mwingine nilingoja hata zaidi."

"Kwa hivyo dawa yangu inaweza kuwa inafanya kazi."

"Inaweza."

"Na hatutajua."

Hatukujua. Wale panya wote waliuawa, kwa sababu vipimo vya miezi yote havingeweza kuaminiwa na Daktari hakuwa mtu wa kuchapisha uongo. Aliandika barua kwa wakubwa akasema kosa limetokea kwenye upimaji, na hakuandika la nani. Mimi ndiye niliyewashika panya siku ile. Mmoja wa nyekundu, nilipomnyanyua, alivuta mguu wa nyuma kwa nguvu kidole changu kilipougusa unyayo wake, na nikabaki nimemshika nikimtazama.

Lakini hayo ni ya wiki iliyofuata. Ijumaa ile nilivua koti nikaenda Karatina moja kwa moja.

Harufu ilinipokea kwenye lango. Mama alikuwa amekaa nje kwenye jua, mguu juu ya kigoda, umefungwa kanga ya zamani. Alikuwa amenyunyiza kahawa ya unga kuzunguka kiti, mbinu yetu ya kuficha harufu wakati wa msiba.

"Hiyo ni ng'ombe ya jirani," aliniambia kabla sijasema kitu. "Imekufa huko chini." Kisha akatabasamu. "Hao wa buluu wameamkaje?"

Nilifungua kanga. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa umevuka wayo ukaanza kupanda kifundoni. Hakuwa akisikia maumivu yoyote. Angekuwa anasikia, angekuwa amelia wiki mbili kabla, na majirani wangembeba bila kuniuliza mimi.

"Twende hospitali, Mami."

"Dawa imepatikana?"

Nilimfunga kanga upya.

"Twende tu," nikasema.

Akaelewa alivyotaka kuelewa. Akaniomba nimletee kitambaa chake cha kichwa cha kwenda kanisani, kile cheupe, akajifunga vizuri akitazama dirishani. Njia nzima alikuwa na furaha. Alimwambia dereva wa teksi kwamba binti yake ni mtu wa sayansi.

Yule daktari kijana alitutambua. Hakunikaripia. Alichora mstari kwa kalamu chini ya goti la mama, akasema ni leo, na kwamba kama si leo basi haitakuwa mguu tu. Dada alikuwa bado yuko njiani. Mama aliutazama ule mstari, akavua kitambaa cheupe akakikunja mara nne. Akanitazama.

"Maitu, wewe unasema nini?"

Angemuuliza mtu mwingine yeyote. Ningetoa kila nilicho nacho amuulize mtu mwingine.

"Wakate," nikasema.

"Haya," akasema, kama mtoto aliyeambiwa na mamake aingie ndani.

Siku ya tatu nilienda wodini nikiwa nimejiandaa kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga njiani: chupa, tone mgongoni mwa mkono, kidole changu, vidonge vya kabatini, na kwamba siku ile kwenye kibaraza angemsikiliza dada angekuwa amepoteza vidole viwili. Dada alikuwa ametoka kutafuta chai. Mama alikuwa ameegemea mito, blanketi limeinuka juu ya mguu mmoja na kulala tambarare palipokuwa mwingine. Alikuwa amekunja uso, jasho kwenye mdomo wa juu.

"Mami, kuna kitu nataka kukwambia."

"Ngoja, maitu." Alinishika mkono. "Mguu inaniuma."

"Huo uliobaki?"

"Hapana. Hii haiko."

Nilijua ni nini. Kuna jina lake kwenye vitabu: ubongo unaendelea kuutafuta mguu uliokatwa, na mwili hujibu kwa maumivu. Mama hakuwa na vitabu. Alikuwa na ahadi yangu.

"Inaniuma sana," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka, lakini alikuwa akinitazama kwa mshangao, karibu na shukrani. "Kidole kikubwa inachoma kama moto. Miaka yote sijaisikia. Si ulisema nitaisikia tena?"

"Nilisema, Mami."

"Nikande hapo basi."

"Wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu, chini kabisa ya kitanda, pale blanketi lilipolala tambarare. Niliketi ukingoni. Niliweka mkono juu ya blanketi tupu nikaanza kukanda, nikibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, na yeye akafumba macho akaanza kupumua vizuri. Yale niliyokuja kusema yalikuwa bado kooni. Dada aliingia na vikombe vya chai, akaniona ninachofanya, akasimama pale pale mlangoni.

"Shuka kidogo," mama akasema. "Karibu na kidole."

Nikashuka kidogo.